Maboga yanatoa maua, mbona hayazai?

Wiki kadhaa zilizopita niliandika hapa kuhusu vitamini A. Nilisema, kama nilivyowahi kusema mara nyingi, kwamba mzazi mwenye eneo dogo nyuma ya nyumba, hata la hatua tano, apande maboga na mpapai ili watoto wapate mboga na matunda ya rangi. Nikafunga kompyuta nikijua nimemaliza kazi.

Kesho yake simu ikaita. Alikuwa mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, anayeishi nje kidogo ya Dar es Salaam, upande wa Chanika. Salamu zilikuwa fupi.

“Mdogo wangu, ninyi mnaandika tu,” akaniambia. “Maboga nimepanda tangu mvua za kwanza. Majani tumekula mpaka tumechoka. Maua yanatoka mazuri, ya njano, siku ya pili yanaanguka. Boga hata moja sijaliona. Sasa mtoto nimpe maua?”

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Mtoto wake wa mwisho ana miaka miwili na nusu. Kliniki walimwambia amwongezee mboga na matunda, na boga la kununua sokoni si la kila siku kwa mfuko wake. Alifuata ushauri wangu, akatoa jasho, akapata majani.

Nilimwomba nimtembelee. Nilichokiona kwenye bustani yake, na nilichokisoma baadaye, ndicho ninachotaka tuzungumze leo, wazazi wenzangu na walezi wote. Ni habari ya maua, lakini mwisho wake ni kwenye sahani ya mtoto.

Nusu saa bila mgeni

Nilifika saa moja asubuhi. Maboga ni ya kuwahi, maana ua lake hufunguka alfajiri na kufikia saa nne au saa tano limeshasinyaa. Bustani ilikuwa safi: majani mapana, mashina yenye afya, maua zaidi ya kumi yamefunguka. Tukaweka viti viwili vya plastiki tukakaa tukiyatazama.

Katika nusu saa tuliona sisimizi wakipanda na kushuka, na nzi mmoja aliyetua akaondoka. Nyuki hakuja hata mmoja.

“Nilipohamia hapa mwaka wa kwanza,” dada yule akaniambia, “ile pale ilikuwa mikorosho na vichaka. Nyuki walikuwa wanakuja mpaka kwenye ndoo ya maji, nawafukuza.” Leo palipokuwa na mikorosho kuna kuta, uwanja wa sementi na kibanda cha tofali. Jirani wa upande wa pili analima nyanya, anapiga dawa asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jirani huyo hana nia mbaya. Kila mtu anahangaika na maisha.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Niliwaambia wasomaji wapande maboga, sikuwaambia kwamba boga haliwezi kuzaa bila mgeni.

Ua moja lina kazi gani?

Tulisoma shule ya msingi kwamba ua lina chavua, ule unga wa njano, na kwamba chavua ikifika kwenye sehemu ya kike ya ua ndipo tunda na mbegu hutokea. Kufikisha chavua hiyo ndiko kunakoitwa uchavushaji.

Mahindi, mpunga na ngano havihitaji mdudu. Mahindi hutumia upepo. Mpunga na ngano hujichavusha vyenyewe. Maharage nayo kwa kiasi kikubwa hujichavusha. Ndizi tunazokula hukua bila chavua kabisa, ndiyo maana hazina mbegu.

Boga ni habari nyingine. Mmea mmoja una maua ya aina mbili. Ua la kiume limekaa juu ya kikonyo kirefu na chembamba, na katikati lina kijiti chenye unga. Ua la kike lina kiboga kidogo sana chini yake, kama gololi. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Asipokuja nyuki kutoka ua la kiume kwenda la kike, kile kiboga kidogo hugeuka njano, kikalainika, kikaanguka.

Boga pia ni mgeni kwetu. Asili yake ni bara la Amerika, na kule lina nyuki wake maalumu, wanaoishi kwa maua ya jamii ya maboga. Nyuki hao hawapo Afrika. Hapa boga limekuwa likisaidiwa na nyuki wa asali na nyuki wengine wa kwetu. Wao wakikosekana, halina ndugu mwingine wa kulishika mkono.

Kuna jambo moja la kuwatoa hofu wenye maboga machanga: maua ya kwanza kabisa huwa ya kiume matupu, na ya kike hufuata siku kadhaa baadaye. Maua hayo ya mwanzo yakianguka usiwaze lolote. Tatizo ni pale maua ya kike yapo, na viboga vyake vinaanguka kimoja baada ya kingine. Kwa dada wa Chanika nilihesabu viboga vitano vya namna hiyo chini.

Kila ua na mteja wake

Nikiwa shuleni nilidhani ua ni pambo. Nimekuja kuelewa kwamba ua ni kama genge. Kila mwenye genge anapanga bidhaa kufuatana na wateja wake.

Angalia mbuyu, ambao ubuyu wake watoto wanaupenda. Ua lake hufunguka magharibi, jua linapozama. Ni kubwa, jeupe, linaning’inia chini, na harufu yake si ya manukato. Kwa nini? Kwa sababu mteja wake mkuu huku kwetu ni popo wanaokula matunda. Popo anatoka usiku, hahitaji rangi za kuvutia mchana, anahitaji kitu kinachoonekana gizani, chenye harufu na chenye kumbeba uzito.

Angalia na mpapai. Ua lake ni la rangi ya maziwa na harufu yake huwa nzuri jioni. Wateja wake wakuu ni nondo. Simaanishi nondo za ujenzi, namaanisha yule ndugu wa kipepeo anayeruka giza likiingia. Watafiti waliofanya kazi Kenya na kutoa matokeo yao mwaka 2009 walionyesha kwamba nondo wakubwa wenye mrija mrefu ndio wanaochavusha mipapai, na kwamba mipapai iliyo karibu na pori zuri hutembelewa zaidi kuliko iliyo mbali nalo. Nondo huyo akiwa mchanga ni kiwavi, na kiwavi anakula majani ya mimea ya porini. Ukifyeka pori lote, umefyeka chumba cha watoto wake.

Kwa hiyo umbo la ua, rangi yake, harufu yake na saa yake ya kufunguka vimejengwa na wageni wake kwa vizazi vingi mno. Swali lililonikaa kichwani nikirudi na daladala lilikuwa hili: wageni wakiacha kuja, ua linafanya nini?

Kilichoonekana Ufaransa

Jibu nililipata mbali, kwenye mashamba yanayozunguka jiji la Paris.

Kule kuna gugu dogo la mashambani liitwalo Viola arvensis, lenye maua madogo ya njano na nyeupe. Gugu hilo lina uwezo wa aina mbili: linaweza kuchavushwa na wadudu, na likikosa, linaweza kujichavusha lenyewe. Bahati nzuri, taasisi za mimea za Ufaransa zilikuwa zimekusanya mbegu zake miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuzihifadhi. Mwaka 2021 watafiti wakarudi maeneo yaleyale, wakachukua mbegu mpya, kisha wakapanda za zamani na mpya pamoja, mahali pamoja, kwa matunzo yaleyale. Ni sawa na kumweka bibi na mjukuu wake, wote wakiwa na umri mmoja, wasimame bega kwa bega.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2023. Maua ya kizazi kipya yalikuwa madogo kwa asilimia 10. Nekta yake, yale maji matamu ambayo mdudu anayafuata, ilikuwa imepungua kwa asilimia 20. Wadudu waliyatembelea kidogo kuliko yale ya zamani. Na kiwango cha kujichavusha kilikuwa kimepanda kwa asilimia 27 tangu miaka ya 1990.

Tusome tena: haya yote kwa miaka 20 hadi 30 tu. Mimi mwenyewe sijafikisha miaka 30. Ua limebadilika ndani ya umri wangu.

Na kwa nini libadilike? Ulaya wadudu wamepungua sana. Nchini Ujerumani, watafiti walioweka mitego katika hifadhi 63 za asili kuanzia mwaka 1989 hadi 2016 waligundua kwamba uzito wa wadudu wanaoruka ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Hizo ni hifadhi, siyo katikati ya mji.

Ua halikai kikao

Hapa naomba tuelewane, maana hata watoto wetu wakubwa wanakosea kwenye mtihani. Ua halikuamua kuwa dogo. Halina akili ya kusema, “wageni hawaji, ngoja nipunguze matumizi.”

Kinachotokea ni hiki. Katika shamba moja maua hayafanani, kama watoto wa familia moja wasivyofanana. Yapo makubwa yenye nekta nyingi, yapo madogo yanayojichavusha kirahisi. Wadudu wakiwa wengi, makubwa yanafaidika, maana yanatembelewa na kutoa mbegu nyingi. Wadudu wakiwa wachache, ua kubwa linatumia nguvu kutengeneza petali na nekta halafu mgeni haji, mbegu chache. Lile dogo linalojichavusha linatoa mbegu zake bila kumsubiri mtu. Mwaka unaofuata shamba lina watoto wengi wa yale madogo. Rudia hivyo mwaka baada ya mwaka, shamba zima linabadilika sura. Hayo ndiyo wanasayansi wanayaita mageuko.

Kwamba mgeni ndiye anayeleta mabadiliko kumewahi kujaribiwa. Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, watafiti walichukua mmea wa jamii ya kabichi na haradali unaokua haraka. Kundi moja wakaliachia nyuki wakubwa wenye manyoya mengi wa Ulaya. Kundi jingine wakaliachia nzi wale wanaoelea hewani juu ya maua. Baada ya vizazi 9 tu tofauti ilionekana. Mimea ya nyuki ilikuwa mirefu, yenye maua ya kunukia zaidi. Mimea ya nzi, ambao si wachavushaji hodari kama nyuki, ilikuwa mifupi zaidi, haikunukia sana, na ilijichavusha yenyewe mara nyingi zaidi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2017.

Na mabadiliko hayaendi upande mmoja tu. Kuna mmea wa Ulaya uitwao Digitalis, ambao jamii yake ndiyo iliyotupa digoksini, dawa ya moyo ambayo baadhi ya wazee wetu wanaitumia. Mmea huo ulipelekwa Costa Rica na Kolombia karne mbili hivi zilizopita. Ulaya mgeni wake ni nyuki. Huko ugenini ukapata mgeni mpya wa ziada, ndege wadogo wenye mdomo mrefu, ukipenda waite binamu wa mbali wa chozi wetu kwa tabia ya kunyonya maua. Watafiti walipopima, na kutoa matokeo mwaka 2021, mrija wa ua kule Amerika ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 13 hadi 26 ukilinganishwa na wa Uingereza. Mgeni mpya, umbo jipya.

Ubaya uko wapi?

Msomaji anaweza kuniuliza: kama ua limejifunza kujitegemea, si afadhali?

Kwa muda mfupi, ndiyo. Gugu la Paris halijatoweka. Lakini muulize mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji kwa nini anabadilisha jogoo. Atakwambia damu ikiwa moja, vifaranga wanakuwa dhaifu. Mmea unaojichavusha kizazi hadi kizazi nao unabaki na damu moja. Ukija ugonjwa mpya au ukame wa ajabu, hakuna mwenye kitu tofauti cha kuwaokoa wengine.

Ubaya wa pili unamrudia mdudu. Ua lenye nekta kidogo linamlisha nyuki kidogo. Nyuki wanapungua, ua linazidi kujifunga, nyuki wanazidi kupungua. Mlango ukishafungwa hivyo kwa vizazi, kuufungua ni kazi.

Ubaya wa tatu ndio unaotuhusu sisi wa maboga. Gugu lile lilikuwa na mlango wa pili wa kutokea. Mimea mingi tunayoitegemea kwa chakula cha watoto haina mlango huo. Boga haliwezi kuhamisha chavua lenyewe. Mpapai jike hauna chavua kabisa, unaisubiri ya mpapai dume. Pasheni ya njano haikubali chavua yake yenyewe. Inahitaji ya mmea mwingine, na anayeileta hasa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa tukamfukuza kwa moshi.

Mimea kama hiyo wageni wakipotea haipati muda wa kubadilika taratibu. Inatoa maua, inasubiri, inaangusha. Mbegu za mwaka ujao tunanunua dukani, hazitoki kwenye zile chache zilizovumilia pale pale nyumbani. Kwa hiyo kilichotokea Chanika hakikuwa mageuko. Kilikuwa ile hatua ya kwanza, ya ua lililokaa kumsubiri mgeni ambaye pori lake limekuwa uwanja wa sementi.

Sahani itajaa, lakini ya nini?

Mimi ni mwandishi wa afya, sasa nirudi nyumbani kwangu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliangalia mazao makuu 115 ya chakula duniani. Mazao 87 kati ya hayo yalitegemea kwa kiasi fulani wadudu, ndege au popo kwa uchavushaji. Lakini ukiangalia kwa uzito wa chakula, sehemu kubwa inatoka kwenye yale 28 yasiyowahitaji, ndiyo hayo mahindi, mpunga na ngano.

Maana yake kwa mzazi ni rahisi. Nyuki wakipungua, ugali utakuwepo. Wali utakuwepo. Tumbo la mtoto litajaa na atalala. Kitakachopungua ni matunda na mboga za rangi: boga, papai, embe, tikiti, pasheni. Humo ndimo mnapatikana sehemu kubwa ya vitamini A na C anazozihitaji mtoto kwa macho, kwa ngozi na kwa kinga ya kupambana na magonjwa. Mtoto anaweza kushiba kila siku na bado mwili wake ukawa na njaa. Njaa hiyo haimlizi usiku. Mama anakuja kuiona kliniki, au pale mtoto anapougua mara kwa mara.

Ndiyo, watoto wetu wa miezi 6 hadi chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na nakusihi usikose zamu yako. Lakini matone hayachukui nafasi ya chakula cha kila siku. Na majani ya maboga ambayo dada yule alilalamika wameyachoka, bado ni mboga nzuri sana, asiache kuyapika. Ongeza mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini vizuri pakiwa na mafuta.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, kwa mwenye maboga yanayoangusha viboga, mchavushie kwa mkono. Si uganga na si ujanja wa kisasa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, Edmond Albius, alibuni njia ya haraka ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole. Vanila ilikuwa imetolewa Mexico bila wachavushaji wake, ikawa inatoa maua tu. Mpaka leo wakulima wa vanila wa Kagera na Uganda wanachavusha kwa mkono, ua moja moja.

Boga ni rahisi kuliko vanila. Toka kabla ya saa tatu asubuhi. Chuma ua la kiume lililofunguka leo, ondoa petali, ubaki na kile kijiti chenye unga. Kipake taratibu katikati ya ua la kike lililofunguka leo, pande zote. Ua moja la kiume linatosha maua mawili ya kike. Mwache mtoto mkubwa afanye mwenyewe, atalikumbuka somo hilo kuliko la kwenye daftari.

Pili, mwenye mipapai asiikate midume yote kwa kuwa haizai. Acha mmoja kwa ajili ya majike ya jirani.

Tatu, dawa za wadudu. Kama huna namna ila kupiga, usipige juu ya maua yaliyofunguka, na kwa maboga usipige asubuhi. Subiri jioni yakiwa yamefunga, piga palipo na wadudu waharibifu tu, na fuata kipimo cha kwenye kopo. Zungumza na jirani kwa upole. Wengi hawajui kama saa ina maana. Na kopo tupu lisiwe la kuchotea maji wala la mtoto kuchezea, hata ukiliosha mara mia.

Nne, acha kona. Nyuki wengi hawaishi kwenye mizinga. Wapo wanaochimba udongo mkavu, wapo wanaokaa kwenye mti uliokufa, na wapo wale nyuki wadogo wasiouma wanaojenga kwenye matundu. Uwanja ukiwa wote sementi na majani yote yamefyekwa, hawana pa kulala. Kona moja isiyofyekwa kila wiki, gogo moja, mchicha michache na mrehani mmoja ulioachwa utoe maua, vinatosha kuanzia. Hapo pia watapata chakula wakati maboga hayana maua.

Sambamba na hilo, sikushauri uweke mzinga wa nyuki wa asali mlangoni penye watoto. Nyuki wa kwetu ni wakali. Mtoto akiumwa na nyuki, mwiba utolewe haraka na pawekwe kitu cha baridi. Akivimba uso au ulimi, akitapika au akipumua kwa shida, usisubiri, mkimbize hospitali.

Tano, mpe mtoto kazi ya Jumamosi. Akae mbele ya ua moja kwa dakika kumi, ahesabu nani amekuja. Aandike. Arudie mwezi ujao. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu kabla sijakaa mbele ya ua nusu saa, na ilinichukua simu ya mama mwenye hasira.

Simu ya pili

Asubuhi ile Chanika, kabla sijaondoka, tulichavusha maua mawili ya kike kwa mkono. Yeye aliendelea siku zilizofuata na binti yake wa darasa la nne. Jirani wa nyanya alikubali kuhamishia dawa jioni, baada ya kupelekewa bakuli la majani ya maboga na maelezo.

Baada ya siku kumi na mbili akanipigia.

“Mdogo wangu, maua saba ya kike, manne yameshika. Moja limefika ngumi.”

Nikampongeza. Nikamuuliza kama nyuki wamerudi.

“Jana binti amehesabu wawili. Wadogo, siwajui. Nimemwambia asiwafukuze.”

Viboga vile bado ni vichanga, na nimemwambia asivichume mapema. Wewe je, bustani yako inatembelewa? Hesabu dakika kumi wikiendi hii, uniandikie umeona wangapi na uko wapi. Majibu yenu nitayaleta hapahapa.

Tukutane wiki ijayo.